Pumzi kwanza, karatasi baadaye: ninavyoupunguza msongo wa kazi mapokezini

Meza yangu ya mapokezi haizidi hatua thelathini kutoka kwenye banda la makuti wanakofanyia yoga wageni wetu. Kila siku saa 1 asubuhi hutandika vimikeka vyao vya mpira, wakajinyoosha wakiikabili bahari, wakatoka pale wamelegea kama pweza aliyepigwa. Mimi saa hiyo nimebana simu moja kwa bega, nyengine inalia mezani, na dereva wa Kizimkazi kasimama mlangoni anauliza wale watu sita wa kwenda kutazama pomboo wako wapi. Miaka kumi nimewatazama hivyo, meno yamekazana, wala haikunipitia kwamba yale wanayoyalipia dola kumi na tano kichwa yana mkia unaonihusu na mimi.

Mimi ni mtu wa Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Mamaangu alilima mwani tangu zao hilo lilipoingia pwani yetu mwaka 1989; kazi yake ilikuwa ya kuinama majini kutwa, na alikuwa akirudi amechoka mgongo, lakini usiku analala. Mimi kazi yangu ni ya kukaa kwenye kivuli na kucheka na watu, na usiku nilikuwa nahesabu makuti ya paa.

Kilichoniamsha ni siku moja ya Agosti, upepo wa kusi umepamba moto na hoteli imejaa watu wa kaiti, wale wanaovutwa na tiara juu ya maji. Chumba kimoja nilikiuza mara mbili, kosa langu mwenyewe, na badala ya kulikabili nikamfokea kijana wa mizigo mbele ya wageni. Umri wake na wa mwanangu wa kwanza ni mmoja. Akaniambia, "Nisamehe mama," na hakuwa amefanya lolote. Jioni nikaenda kupima presha: 152 kwa 96. Nesi akaniuliza, "Unafanya kazi wapi, bi?" Nikamwambia hotelini. Akasema, "Basi," kama aliyeshapata jibu la mtihani.

Kiingereza ndicho kinachonilisha, kwa hiyo nilianza kusoma tafiti mwenyewe badala ya kungoja kusimuliwa. Haya ninayoandika ni mchanganyiko wa niliyoyasoma na niliyoyajaribu, kwa mtu aliyeajiriwa, mwenye bosi juu yake, na asiyekuwa na saa nzima ya kukaa chini.

Kwa nini mwili na akili pamoja

Ukitishika, moyo unakwenda mbio, ini linamwaga sukari kwenye damu, misuli inakaza. Mwili umejitayarisha kukimbia au kupigana. Mmarekani Walter Cannon alishalieleza hilo zaidi ya miaka mia iliyopita. Tatizo la kaunta ni kwamba hukimbii wala hupigani. Unasema "karibu sana", unatabasamu, na ile misuli inabaki imekaza mpaka mwisho wa zamu. Kwa hiyo mtu akikwambia "usiwaze sana", anazungumza na kichwa wakati taya, mabega na tumbo havijapewa habari.

Kuziunganisha njia za mwili na za akili si jambo la jana. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, mafunzo ya wiki 8 yanayochanganya taamuli, yaani kukaa kimya na kutuliza fikra, kuupitia mwili kwa fikra kiungo baada ya kiungo, na yoga nyepesi. Mwanafunzi alitakiwa afanye mazoezi nyumbani kiasi cha dakika 45 kila siku. Dakika 45! Mimi hizo sina, hasa siku ya Jumamosi wanapobadilishana wageni.

Kilichonitia moyo ni utafiti wa 2012 kwa wafanyakazi 239 wa kampuni moja ya bima huko huko Marekani. Waligawanywa kwa kura: wengine yoga, wengine taamuli, wengine wasifanye kitu, kwa wiki 12. Wa yoga na wa taamuli wote walipungukiwa na msongo na matatizo ya usingizi kuliko wale walioachwa. Aliyeanzia mwilini na aliyeanzia kichwani walikutana ukumbini. Halafu mwaka 2023 Cochrane, wale wanaokusanya tafiti na kuzipima moja moja, walitoa mapitio ya tafiti 117 za wafanyakazi wa afya zaidi ya 11,000. Mbinu za kufanyia kazi mawazo yenyewe, mbinu za kuiondoa akili kwenye msongo kama mazoezi na kulegeza mwili, na mchanganyiko wa hizo, zote zinaonekana kupunguza msongo, japo wenyewe wanasema ushahidi si mzito na kwa mchanganyiko uhakika upo zaidi kwa muda mfupi.

Sasa nisikilize hapa, maana ndipo watu wengi wanapojikwaa. Kuchanganya si kurundika. Mwaka 2008 watafiti Richardson na Rothstein walikusanya majaribio 36 ya kupunguza msongo kazini. Mbinu za kurekebisha fikra ndizo zilizofanya vizuri kuliko zote, lakini zilipoongezewa vikorombwezo vyengine, nguvu yake ilipungua. Mimi nilikuwa nimepakua programu tatu za simu, nina chupa ya mafuta ya karafuu ya kunusa, nina mpango wa kuogelea, na nilikuwa sifanyi hata kimoja zaidi ya siku mbili. Siku hizi nina kimoja cha mwili na kimoja cha akili, vinafuatana, basi.

Cha mwili

Umewahi kumbeba mtoto aliyelia mpaka akachoka? Amelala kifuani kwako, mara anavuta pumzi mbili kwa mpigo, hu-hu, kisha anashusha moja ndefu na mwili wote unalegea. Hakuna aliyemfundisha. Zoezi lenyewe ni hilo.

Kaa, nyayo zote mbili chini, mgongo usiegemee. Vuta pumzi kwa pua mpaka uhisi kifua kimejaa. Usiitoe bado, juu yake ongeza nyengine ndogo, kama mtu anayemalizia kunusa udi. Kisha iachie kwa mdomo polepole mpaka iishe yenyewe. Iachie kama unavyopuliza kijiko cha uji wa mtoto: ukipuliza kwa nguvu unamwagika. Ile ya kutoka iwe ndefu kuliko mbili za kuingia zikijumlishwa. Pumzika kidogo, rudia.

Ile pumzi ya pili inavifungua vifuko vidogo vya mapafu vilivyosinyaa kwa kupumua juujuu, na ile ndefu ya kutoka inaushusha moyo. Usiniamini mimi, weka vidole viwili kwenye mshipa wa mkono wako. Ukivuta, mapigo yanaharakisha kidogo. Ukitoa, yanapoa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha mwaka 2023 jaribio la watu waliofanya hivi dakika 5 kwa siku, mwezi mzima, na furaha yao ya kila siku ilipanda zaidi kuliko ya wale waliofanya taamuli kwa muda huo huo. Dakika 5 ninazo hata mimi.

Ukishindwa kufikisha tano, fanya tatu tu, pumzi tatu si dakika tatu, kabla ya kupokea simu ya mtu unayejua atapiga kelele. Simu ikilia mara tatu hajafa mtu.

Sehemu ya pili ya zoezi hilo hilo la mwili ni misuli. Edmund Jacobson, daktari wa Chicago, aliandika juu ya hili mwaka 1929: ukitaka msuli ulegee, ukaze kwanza kwa makusudi, ndipo uuachie, maana mtu hajui kuwa amekaza mpaka aone tofauti. Mimi nafanyia chini ya kaunta. Vidole vya miguu navikunja ndani ya viatu kama nashika mchanga, nahesabu saba, naachia, nahesabu ishirini. Ngumi hivyo hivyo, mapajani, asizione mtu. Mabega nayapandisha mpaka masikioni, saba, nayadondosha. Mwisho taya: nauma meno, saba, naachia mpaka midomo inaachana na ulimi unalala chini. Hili la taya usilifanye mgeni yuko mbele yako. Nimeshafanya, na bibi mmoja wa Kijerumani akaniuliza kama naumwa jino.

Mara ya kwanza nilipodondosha mabega nilishtuka jinsi yalivyokuwa na safari ndefu ya kwenda. Kumbe nimeyabeba shingoni miaka.

Wapo watakaosema, sisi tuna sala tano, hayo mengine ya nini? Sala ni ibada. Sikuigeuza dawa ya presha wala simshauri mtu aigeuze. Lakini nimejifunza kitu kwayo: ina wakati wake, haingoji mpaka mtu apate nafasi. Ndiyo maana zoezi langu nimelifunga kwenye adhuhuri na alasiri. Nikishatoa salamu na kumaliza nyiradi zangu, nabaki kwenye msala dakika tano kabla ya kuvaa viatu. Kabla ya hapo nilikuwa nategea "nikipata upenyo", na upenyo hotelini haupo. Asiyesali na alifunge kwenye jambo jengine lisilokosekana: chai ya saa 4, au kuwasha kompyuta.

Cha akili

Hapa pana daftari tu, la skuli, si kitu cha fahari. Nalianza baada ya pumzi, si kabla, maana nikiandika nikiwa bado nimekaza naandika matusi.

Nachora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto naandika kilichotokea, kama angekiona mtu mwengine: hakuna "alinidharau", hakuna "walinionea", ni kile tu kamera ingekinasa. Kulia naandika ninachojiambia. Chini yake najiuliza: nina ushahidi gani wa hili, na shoga yangu angekuja na jambo hilo hilo, mimi ningemwambia nini? Mstari wa mwisho ni wa kitu kimoja cha kufanya leo.

Nakuonyesha ukurasa wa kweli. Mgeni wa Uingereza ameandika mtandaoni kuwa mapokezi ni baridi, ametupa nyota mbili. Kushoto: "Ameandika mistari minne. Mmoja unahusu mapokezi. Mitatu inahusu maji ya moto." Kulia: "Nitafukuzwa. Miaka yote hii nimejidanganya kuwa naijua kazi." Ushahidi: mwaka huu wameandika watu wengi, na wengi wametusifu, meneja ameniuliza habari ya maji, hakuniuliza habari yangu. Shoga ningemwambia: "Huyo alikosa maji ya moto akakumalizia hasira wewe." Cha kufanya: kumwita fundi bomba, na kumjibu mgeni kwa adabu.

Ukiisoma hivi unaona jambo la kitoto. Saa 9 ya usiku halikuwa la kitoto, lilikuwa limekaa kifuani kama jiwe la kusagia. Mawazo ya kazi yana tabia ya kuzunguka, karatasi inayasimamisha. Na kule kuanza na pumzi ndiko kunakoniwezesha kuuona ule upande wa kushoto wa ukurasa. Nimejaribu kinyume chake, nimejaribu pia pumzi bila daftari: mwili unapoa, halafu jambo lile lile linanirudia nikiwa kwenye daladala, sijafika hata Bwejuu kwa dadaangu.

Nafanya hivi mara mbili au tatu kwa wiki, dakika kumi. Kila siku ingekuwa kujichokonoa.

Siku ya mapumziko sina zoezi rasmi. Maji yakitoka natembea kwa miguu mitupu kuelekea mwambani, saa nzima, simu nimeiacha nyumbani. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima atembee au ajishughulishe kwa kiasi dakika 150 mpaka 300 kwa wiki, na bahari ikikupwa vizuri Jambiani saa nzima ya hizo unaimaliza bila kujua.

Kisichotibika kwa pumzi

Nilipoanza kuona nafuu nikataka kuwafundisha wenzangu wote, na meneja akafurahi mno. Kufurahi kwake kulinitia shaka. Nikagundua kuwa ni rahisi kwake kutupa banda la yoga siku ya Jumatatu kuliko kurekebisha ratiba ya zamu.

Nikarudi kwenye tafiti. William Fleming wa Chuo Kikuu cha Oxford alichapisha mwaka 2024 uchambuzi wa wafanyakazi 46,336 katika taasisi 233 za Uingereza. Waliokuwa wakishiriki programu za mtu mmoja mmoja, kama taamuli, programu za simu na mafunzo ya kuhimili msongo, hawakuonekana kuwa na hali bora kuliko wasioshiriki. Kazi za kujitolea tu ndizo zilizoonyesha tofauti. Ule ni uchunguzi wa dodoso, si jaribio la kura kama lile la bima, kwa hiyo silitupi daftari langu. Lakini inatosha kunizuia nisimuuzie mtu pumzi kama dawa ya bosi mbaya. Shirika la Afya Duniani lenyewe, kwenye mwongozo wake wa 2022 kuhusu afya ya akili kazini, linaanza na mpangilio wa kazi, likafuatia na mafunzo ya mameneja.

Mtafiti wa Marekani, Robert Karasek, alilisema mapema, mwaka 1979: kinachomuumiza mtu si wingi wa kazi peke yake, ni kazi nyingi pamoja na kukosa uwezo wa kuamua. Nilipoisoma hiyo nikaliona jina langu. Mgeni ananifokea kwa kosa la dola ishirini, na mimi sina ruhusa ya kumpunguzia hata shilingi mpaka nimpate meneja, na meneja yuko mjini, simu haishiki.

Basi fanya hivi. Chukua daftari lako baada ya mwezi, fungua kurasa za kushoto tu, yale yaliyotokea, uhesabu lipi limejirudia. Kwangu yalijitokeza matatu: ruhusa ya punguzo, ratiba kutolewa usiku wa kuamkia siku, na makabidhiano ya zamu yanayofanywa kwa kupigiana kelele mlangoni. Nikayaandika karatasi moja, kila moja na mara ngapi limetokea na limeigharimu hoteli nini, nikaenda nayo asubuhi ya siku iliyotulia, sikuenda siku ya kujaa. Usiende na neno "msongo". Nenda na hesabu. Mawili alikubali: sasa naweza kupunguza mpaka dola ishirini bila kumuuliza mtu, na makabidhiano yana robo saa yake na kitabu chake. Ratiba bado tunavutana.

Kabla hujaanza

Ukisikia kizunguzungu au vidole kufa ganzi, unapumua kwa kasi mno. Acha, pumua kawaida. Mwenye kubanwa na kifua asifanye zoezi hili, aende hospitali. Mwenye dawa za presha aendelee nazo. Mimi zangu nameza, na atakayeziondoa ni daktari. Uchovu wa kazi uliovuka mpaka una alama zake, na Shirika la Afya Duniani lilizitaja mwaka 2019: nguvu zimekwisha kabisa, kazi na watu wake vimekutoka moyoni, na unajiona hufanyi la maana. Ukiwa hivyo wiki kadhaa, au hulali, au umeanza kutamani usiamke, hapo si pa daftari. Mwambie mtu wako wa karibu leo hii, na umwone daktari. Watu wetu wanaliogopa jina la Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya maradhi ya akili, kama jini, lakini waliomo mle ni madaktari na manesi kama wa presha na sukari.

Kujua kama inafaa, jipe alama kila Ijumaa, sifuri mpaka kumi, ya jinsi kazi ilivyokukaba wiki hiyo. Iandike nyuma ya daftari, usiirekebishe. Zangu za mwezi wa kwanza ni 8, 7, 9, 5. Ile 9 ni wiki iliyokatika umeme siku tatu na jenereta likaharibika. Sikuacha pumzi, na sikuwa mtu wa kusogelewa. Wiki nne zikipita na namba haijasogea hata moja, usiongeze dakika za zoezi. Rudi kwenye ile karatasi ya meneja.